Kulipia mwili: je, ni haki mtu mnene atozwe zaidi?

Binti_Kilindoni (mwuliza swali)

Salaam wanajamvi. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo nimeshindwa kulipatanisha na nafsi yangu. Mimi ni mnene. Siandiki hivyo kwa kujitweza wala kwa kutafuta pole. Nina kilo 114, na kwetu huo ni mwili ambao shangazi zangu huusifu kwa kusema kwamba nimenawiri. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya mdogo wetu kisiwani Mafia, na katika maandalizi yake nilitozwa zaidi ya wenzangu katika matukio mawili tofauti.

La kwanza lilikuwa kwa fundi cherehani. Kamati ilitununulia sare ya kitenge, yadi sita kwa kila mtu, na ikapatana na fundi bei moja ya mshono. Siku ya kupimwa, fundi aliniambia kwa adabu kwamba kipande changu hakitatosha gauni na kilemba, hivyo niongeze shilingi 9,000 za kitambaa. Nililipa, nikaondoka, na sikulifikiria tena jambo hilo. La pili lilikuwa uwanja wa ndege. Ndege iliyotupeleka ilikuwa ndogo, kwa hiyo abiria wote tulipimwa uzito. Mizani ilikuwa mbele ya foleni, tarakimu zake zikiwaelekea watu, na kijana wa kaunta aliusoma uzito wangu kwa sauti, kisha akanitaka nilipie kilo za ziada kana kwamba mimi ni gunia la mpunga. Nililipa pia, lakini machozi yalinilengalenga mpaka tulipotua. Wakati wa kurudi nilikataa ndege, nikapanda boti hadi Nyamisati, ambako bonge na kimbaombao tulikata tiketi ya bei moja.

Nilipomsimulia shemeji yangu, alinijibu, "Mwili ni wa kujitakia, shemeji. Ulitaka tukulipie sisi?" Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Kwa nini ziada ya fundi niliiona haki na ile ya ndege nikaiona dhuluma, ilhali zote mbili zilitokana na mwili ule ule? Na watu wanaposema kwamba mnene alipe zaidi, je, wanahesabu gharama, au wanatoa adhabu kwa kosa wanaloamini amelifanya?

Cherehani

Dada Binti_Kilindoni, mimi ni fundi Tanga kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nitakujibu kwa upande wangu tu, kwa kuwa ndege sizijui.

Watu hudhani kwamba fundi huongeza bei kidogo kidogo kadiri mwili unavyoongezeka. Kitambaa hakifanyi kazi hivyo. Kitenge kina upana wa takriban inchi 45. Mteja mwenye nyonga za inchi 38, ukimwongezea nafasi ya kupumua na inchi za kushonea, mbele na nyuma ya sketi yake hukaa ubavu kwa ubavu ndani ya upana huo, kwa hiyo urefu mmoja wa kitambaa unamtosha. Mteja mwenye nyonga za inchi 46 hawezi kukaa humo hata ufanyeje. Lazima mbele ikatwe kwa urefu wake na nyuma kwa urefu wake. Ghafla sketi iliyokula yadi moja na robo inakula yadi mbili na nusu. Lakini tazama jambo la ajabu: kuanzia hapo, mwenye nyonga 46 na mwenye nyonga 58 wanakula kitambaa kile kile, tofauti ikiwa ni vipande wanavyobakiza. Kwa maneno mengine, mstari unaotenganisha anayelipa ziada na asiyelipa haukuchorwa na mwili wa mtu, umechorwa na kiwanda kilichoamua upana wa kitenge. Kiwanda kingefuma kwa inchi 60, wewe usingeongeza hata senti. Kama kitenge kina maua ya kusimama, ambayo hayawezi kugeuzwa juu chini, upotevu unazidi, na hilo nalo halihusiani na unene.

Ujira wa mkono ni habari nyingine. Inchi chache zaidi za mshono hazinichoshi, na fundi anayekutoza ujira zaidi kwa sababu ya mwili anakuibia. Naomba mafundi wenzangu wanisamehe kwa kusema hivyo hadharani. Ndiyo sababu bila shaka hukuumia. Ulionyeshwa kipande kilichopungua, ukalipia kipande.

Sasa niungame. Baada ya kusoma swali lako nilikaa nikawafikiria wateja wangu wa kanzu. Mwanamume mrefu, ambaye kanzu yake ina inchi 62, anakula karibu nusu yadi zaidi ya yule wa inchi 54, kwa sababu urefu unahesabiwa mbele na nyuma. Katika miaka yote hii sijawahi kumtoza mwanamume mrefu ziada. Sikuwahi hata kuwaza. Nikijiuliza kwa nini, sina jibu linalonipendeza.

Mizani

Nimefanya kazi ya kupakia ndege ndogo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niruhusuni nitenganishe mambo mawili ambayo katika kisa cha dada yetu yamechanganywa: kupima na kutoza.

Kupima hakuepukiki. Chukueni Cessna Caravan, ndege ambayo abiria wengi wa visiwani na mbugani kwetu wanaifahamu. Toleo lake la 208B haliruhusiwi kuruka likizidi kilo 3,969, na ukitoa uzito wa ndege yenyewe zinabaki takriban tani moja na nusu za kugawana rubani, mafuta, watu na mabegi. Mafuta peke yake, tanki zikijazwa, yanafika karibu tani moja. Hapo kilo 30 zina maana, na pia zina maana mahali zinapokaa, kwa sababu uzito ukielemea mkiani ndege inakuwa ngumu kuongozwa. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walikuta nyaya za usukani wa mkiani zilifungwa vibaya karakanani, na walikuta pia kwamba ndege ilikuwa imezidi uzito na kuelemea nyuma, ingawa kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Karatasi ilikuwa imetumia wastani wa zamani wa uzito wa abiria, wakati abiria wenyewe walikuwa wamekwisha nenepa. Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani ilipandisha wastani huo.

Kwa hiyo mizani ni ya usalama, wala haina haja ya kuwa na kejeli. Mwaka 2023 Air New Zealand iliwapima maelfu ya abiria wa safari za kimataifa huko Auckland ili kusahihisha wastani wake, na ilipanga mizani kwa namna ambayo tarakimu hazionekani kwa mtu yeyote aliyesimama pale. Finnair ilifanya zoezi kama hilo Helsinki mwaka 2024, kwa hiari na bila majina. Kijana aliyesoma kilo zako kwa sauti hakulazimishwa na hesabu yoyote ya ndege kufanya hivyo.

Kutoza ndiko kwenye mjadala. Shirika lililojulikana zaidi kwa jambo hilo ni Samoa Air, ambalo mwaka 2013 lilitangaza kwamba nauli zake zinakwenda kwa kilo, mwili na mzigo vikihesabiwa pamoja. Ndege zake zilikuwa ndogo mno, za abiria wachache, na Samoa ni miongoni mwa nchi zenye watu wazito zaidi duniani. Walioutetea utaratibu huo walisema, kwa haki kabisa, kwamba familia yenye watoto wadogo ililipa kidogo kuliko zamani. Mwaka huo huo Bharat Bhatta, mwanazuoni wa Norway, alichapisha makala iliyopendekeza njia tatu: nauli ya kilo tupu, nauli ya msingi yenye nyongeza na punguzo kwa kila kilo, au makundi matatu ya wepesi, wa kawaida na wazito. Samoa Air ilifungwa miaka michache baadaye, na mashirika makubwa hayakulifuata wazo hilo.

Sababu moja ni ya hesabu tu. Kilo 30 katika Caravan ni karibu asilimia 0.8 ya uzito wote wa kuruka. Katika Airbus A320, yenye uzito wa tani 78 hivi, kilo hizo hizo ni chini ya asilimia 0.04. Mtu anayedai kwamba jirani yake mnene amempandishia nauli ya kwenda Dubai anadai kitu ambacho hata mhasibu wa shirika angepata taabu kukiona. Katika ndege kubwa tatizo la kweli ni upana wa kiti, na hapo nakubaliana na fundi Cherehani: aliyeamua upana ni mtengenezaji na shirika, wala si abiria.

Kimbaombao

Nitakuwa mpinzani, na naomba nisitukanwe. Nina kilo 51. Mwaka jana begi langu lilizidi kilo nne na nikatozwa. Nyuma yangu alikuwa bwana mmoja ambaye, kwa kukadiria tu, alikuwa na kilo 120, begi lake likiwa ndani ya kiwango, naye hakutozwa kitu. Mimi na begi langu pamoja hatukufika kilo 80. Kama ndege inabeba uzito, inabeba uzito. Injini haijui kama kilo hiyo ni nyama au ni nguo.

Sijasema kwamba mnene ni mkosaji. Ila kuna jambo ambalo watetezi wa bei moja hawalitaji, nalo ni kwamba bei moja haina maana ya kutokuwepo kwa ziada. Maana yake ni kwamba ziada imegawanywa kwa wengine bila kuulizwa. Katika sare za harusi ninachangia sawa na kila mtu, na kitambaa changu kinabaki yadi mbili ambazo fundi huzichukua. Sijawahi kudai. Lakini nisiambiwe kwamba hakuna anayelipa.

Mizani

Ndugu Kimbaombao, hoja yako ya begi ni nzito kuliko wewe mwenyewe, na siwezi kuipuuza. Tofauti ninayoiona ni kwamba begi unaweza kulifungua pale kaunta ukatoa viatu. Hata hivyo nakiri kwamba hapo nimekwisha iacha hesabu ya injini nikaingia kwenye hesabu ya nani anaweza kufanya nini, na pengine hilo ndilo lililokuwa swali la dada yetu tangu mwanzo.

Mswahili_Leicester

Kwa ufupi, kutoka Uingereza. Fundi wa Tanga ameungama kosa ambalo maduka makubwa ya huku yalilazimishwa kuliungama. Marks & Spencer walikuwa wakiongeza pauni 2 kwenye sidiria za vikombe vikubwa, wakieleza kwamba zinahitaji kitambaa na ufundi zaidi. Wanawake walijikusanya kwenye Facebook, na Mei 2009 kampuni ikaiondoa nyongeza hiyo na kukiri kwa tangazo la magazetini kwamba ilikosea. Mwaka 2014 huko Marekani duka la Old Navy lilibainika kuwatoza wanawake wa saizi kubwa zaidi kwa jinzi za aina ile ile, wakati jinzi za wanaume wanene hazikuongezwa kitu. Maelezo ya kampuni yalihusu ubunifu maalumu wa nguo za kike, na huenda yalikuwa na ukweli wake. Wateja hawakuyakubali, kwa sababu mwanamume mwenye kitambi alikuwa palepale kwenye rafu ya pili, akilipa bei ya kawaida.

Muuguzi_wa_Zamu

Nimesoma yote, na nataka kuligusa neno la shemeji, "kujitakia," kwa sababu kazini nalisikia kila siku, na mara nyingi kutoka kwa wagonjwa wenyewe.

Mwaka 1990 zilichapishwa tafiti za mapacha waliolelewa katika nyumba tofauti, na ilionekana kwamba uzito wao wakiwa watu wazima ulifanana sana na wa pacha aliyelelewa kwingine. Mwaka 1994 jopo la Jeffrey Friedman huko New York lilitambua jeni ya homoni inayoitwa leptini, ambayo huuambia ubongo kwamba akiba ya mafuta mwilini inatosha. Wachache wanaozaliwa bila homoni hiyo huwa na njaa isiyokatika na hunenepa mno tangu utotoni. Watu wa namna hiyo ni nadra, na sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba chakula na mwendo havina kazi. Navyo vina kazi. Lakini katika wodi yetu wapo walioongezeka kilo 15 kwa sababu ya prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, wapo walioongezeka kwa olanzapine, dawa ya magonjwa ya akili, wapo wanaotumia insulini. Mizani ya uwanja wa ndege haiwezi kutofautisha kati ya hao na aliyenenepa kwa chipsi mayai. Kwa hiyo anayetoza kwa kilo kwa hoja ya gharama anaweza kuwa mkweli, lakini anayetoza kwa hoja ya kosa hana chombo cha kulipimia kosa hilo.

Mwanasaikolojia Christian Crandall alionyesha mwaka 1994, kwa wanafunzi wa Marekani, kwamba kadiri mtu anavyoamini kuwa uzito ni suala la nia tu, ndivyo anavyowachukia zaidi watu wanene. Kwetu imani hiyo ni ngeni kidogo, na hapo ndipo penye mkanganyiko unaompata Binti_Kilindoni. Sisi tumekulia mahali ambapo kitambi kilisomwa kama akaunti ya benki. Katika miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi ulipoitwa "slim" kule Uganda, aliyekonda ndiye aliyenyooshewa kidole. Nimewaona wanawake waliokataa ushauri wa kupunguza uzito kwa kuhofia majirani watasema ameanza kuisha. Leo kaunta na simu zimetuletea hukumu ya pili bila kuiondoa ya kwanza, na mtu yule yule anasifiwa ukumbini jioni baada ya kufokewa kwenye mizani asubuhi.

Kuhusu sheria, nchi zimepita njia tofauti. Jimbo la Michigan lilipiga marufuku ubaguzi wa uzito tangu sheria yake ya mwaka 1976, na jiji la New York likafuata mwaka 2023. Kanada, mwaka 2008, wakala wake wa usafiri uliyaamuru mashirika makubwa ya ndege yasimtoze nauli ya kiti cha pili, katika safari za ndani, mtu ambaye unene wake umefikia kuwa ulemavu. Mashirika yakataka kukata rufaa na Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inataja hali ya afya na ulemavu miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa ya ubaguzi, bila kuutaja uzito kwa jina. Kwa bima ya afya, sheria ya Marekani ya 2010 inairuhusu kampuni inayouza bima binafsi kutofautisha bei kwa umri, mahali, ukubwa wa familia na uvutaji wa tumbaku, basi, unene haumo. Angalieni jinsi walivyoamua: mvutaji anaweza kutozwa zaidi, mnene hawezi. Mstari wa "kujitakia" wameuchora wao, kwa mjadala na kura, na ungeweza kuchorwa pengine.

Binti_Kilindoni

Nawashukuru nyote, na ndugu Kimbaombao pia, ambaye sikumwona kuwa mkorofi hata kidogo. Zile yadi mbili zako zidai.

Mtoto wa dada yangu anasoma uchumi, na nilipomwonyesha majibu yenu alinieleza utafiti wa mwaka 1986 wa Kahneman, Knetsch na Thaler. Waliwauliza watu kuhusu duka linalopandisha bei ya sepetu za theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi baada ya dhoruba, na asilimia 82 walisema si haki. Lakini katika maswali mengine ya utafiti huo wengi walikubali bei ipande pale gharama ya muuzaji mwenyewe ilipopanda. Nadhani nimepata nusu ya jibu langu hapo: fundi alinionyesha gharama, na kijana wa kaunta alinionyesha mimi. Sikuambiwa kilo zangu zimepunguza mafuta kiasi gani wala kiti gani kimebaki wazi. Niliambiwa namba, ikafuatwa na bei, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na macho ya foleni nzima.

Nusu nyingine sijaipata. Mizani amenishawishi kwamba katika Caravan kilo zangu ni gharama ya kweli, na nikiwa mwaminifu sioni kwa nini Kimbaombao anilipie. Hata hivyo bado sitaki kulipa, na nikiichunguza sababu nakuta si hoja bali ni uchovu. Nimeiandikia ile kampuni barua ya kuwaomba waigeuze mizani iwaelekee wahudumu na waandike kiwango cha ziada kwenye tiketi kabla mtu hajafika uwanjani. Kuhusu bei yenyewe sikuandika kitu.

Cherehani

Dada, nami nilete habari kabla uzi haujafungwa. Wiki hii nimeanza kuandika kitambaa na ujira katika mistari miwili tofauti ya risiti, kwa kila mteja. Juzi alikuja kijana mmoja mrefu kushona kanzu ya Idi. Nilimpima, nikakata hesabu, nikamwandikia nusu yadi ya ziada kama nilivyoahidi moyoni mwangu. Aliitazama risiti, akanitazama mimi, akauliza kwa mshangao wa kweli kwa nini alipishwe urefu aliopewa na Mungu.